Punda ameumia barabarani: la kufanya kuanzia dakika ya kwanza hadi arudi kazini

Punda akigongwa na matatu kule Mwea wakati wa mavuno ya mpunga, akiteleza na mkokoteni wa maji kwenye mteremko wa Limuru, au akianguka na shogi za mchanga katika kichochoro cha Lamu, mambo huenda kwa mtindo ule ule. Watu hukusanyika. Wawili watatu hutoa simu wapige picha. Mmoja humkaripia mwenye punda, mwingine humpigia punda kelele ainuke, na wa tatu, mara nyingi mwenye nia njema kuliko wote, humshika mkia na kuanza kumvuta. Robo saa baadaye mwenye punda amekasirika, punda amesimamishwa kwa nguvu juu ya mguu uliovunjika, na hakuna hata mmoja aliyempigia daktari wa mifugo.

Mwongozo huu ni wa mpita njia. Huna punda, hujasomea mifugo, ila umesimama pale na moyo umekataa kuondoka. Nautaja msimamo wangu mapema: ukiacha daktari, mtu wa maana kuliko wote mahali pale ni mwenye punda. Umati utatawanyika jioni, daktari atachoma sindano aende zake, lakini kidonda kitaoshwa kila siku kwa wiki kadhaa, na atakayekiosha ni yeye. Ukimfukuza kwa matusi umemfukuza muuguzi.

Barabara kwanza

Kabla ya kumgusa mnyama, zuia magari. Weka matawi ya miti pande zote mbili, mbali vya kutosha dereva anayekuja kasi awahi kushika breki, hasa kwenye kona na mteremko. Waombe watu wa bodaboda wasimame nyuma ya matawi na taa zikiwaka. Usiku hili ndilo jambo la kwanza kabisa, maana ajali ya pili hupiga waokoaji.

Kisha umati. Ukisema kwa jumla "jamani rudini nyuma", hakuna atakayerudi. Gawa kazi kwa kumtaja mtu: "Kaka mwenye shati jekundu, simamisha magari upande ule. Mama, naomba leso moja safi na ndoo ya maji. Wewe kijana, tafuta turubai kwa yule muuza mitumba. Dada, tafuta namba ya afisa mifugo wa hapa." Mtu aliyepewa kazi huacha kupiga kelele. Waliobaki bila kazi wakae hatua kumi au zaidi kutoka kwa mnyama, na watoto wasogezwe mbali kabisa. Honi zizimwe, redio ya matatu izimwe. Punda anayeumia husikia kila kitu, na kila akishtuka hujaribu kuinuka.

Picha mbili tatu zinafaa: eneo lote, jeraha, matandiko na namba ya gari lililogonga. Zikishapigwa, simu irudi kwenye kazi ya kupiga simu.

Kumkaribia na kumsoma

Punda haonyeshi maumivu kama mbwa au mbuzi. Porini mnyama aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyeliwa, na tabia hiyo haijamtoka hata baada ya maelfu ya miaka ya kubeba mizigo. Kwa hiyo punda aliyetulia kimya, kichwa chini, masikio yameelekea pembeni au nyuma, macho nusu wazi, anaweza kuwa na hali mbaya kuliko yule anayerusha mateke. Watu husema "huyu yuko sawa, ametulia", na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi.

Mkaribie kwa upande wa bega, polepole, ukizungumza kwa sauti ya chini ili ajue uko wapi. Usipite nyuma yake, wala usisimame kati ya miguu yake na ukuta. Amelala? Kaa upande wa mgongo wake, kamwe si upande wa miguu. Mtu mmoja anayemfahamu, na hapo mwenye punda ndiye bora, apige goti nyuma ya shingo na aweke mikono kwenye shingo na shavu kwa uzito wa wastani. Punda hawezi kuinuka bila kuinua kichwa kwanza, hivyo mkono huo peke yake unatosha kumzuia. Weka gunia au koti lililokunjwa chini ya kichwa ili jicho la chini lisikwaruzwe na kokoto, na mfunike jicho la juu kwa kitambaa.

Sasa angalia mambo manne. Pumzi: punda mzima aliyepumzika huvuta pumzi kati ya mara 12 na 28 kwa dakika. Mapigo ya moyo: weka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, au vidole chini ya mfupa wa taya, hesabu sekunde 15 kisha zidisha kwa nne, kawaida ni kati ya 36 na 52. Ufizi: inua mdomo kwa dole gumba, tazama rangi. Unatakiwa uwe wa waridi na wenye unyevu. Bonyeza kwa kidole, achia. Weupe uliobaki unapaswa kuondoka ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka, mkavu, au wa rangi ya samawati, pamoja na mapigo ya juu sana, ni dalili kwamba anapoteza damu nje au ndani, na daktari anahitajika sasa hivi. La nne ni ubaridi wa masikio na miguu, ambao hutokea damu inapoacha kufika pembeni mwa mwili.

Tahadhari moja kabla ya kushika mdomo: kama punda anatoa mate mengi, anajiuma mwenyewe, anashambulia vitu bila sababu, au mwenye punda anakumbuka kwamba aliumwa na mbwa miezi ya karibuni, usimguse. Kichaa cha mbwa huwapata punda pia. Aliyekwisha kupata mate yake kwenye mkwaruzo aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe.

Kumtoa kwenye mkokoteni

Hapa ndipo majeraha mapya huongezwa. Punda akianguka akiwa amefungwa, uzito wa mzigo humkandamiza kupitia mikono ya mkokoteni na kamba ya kifua. Akijaribu kuinuka hujinyonga au huvunja mguu uliokuwa mzima.

Anza na magurudumu: weka mawe mbele na nyuma ili mkokoteni usiserereke. Pili, watu wawili washike mikono ya mkokoteni, kulia na kushoto, wachukue uzito wake. Tatu, mzigo ushushwe. Mitungi ya maji ifunguliwe imwagike pale pale. Lita 20 ni kilo 20, na mkokoteni wa kawaida hubeba mitungi mingi. Mwenye punda akilalamika kuhusu maji, mwambie utamchangia. Nne, kata au fungua kamba, ukianza na ile inayobana shingo na kifua. Usisite kukata. Kisu kielekee mbali na ngozi, na vidole vyako viwe kati ya kamba na mwili. Mwisho, mkokoteni urudishwe nyuma ukiwa umeinuliwa, punda akiwa bado amezuiwa shingoni. Hatamu ibaki kichwani ili uwe na mahali pa kumshika.

Kama wapo punda wawili kwenye mkokoteni, yule mzima mfungue, mpeleke pembeni hatua chache, lakini abaki mahali ambapo mwenzake anamwona. Punda hufungamana wawili wawili kwa nguvu sana. Ukimwondoa mmoja, mgonjwa huanza kuhangaika, na mara nyingi huacha kula. Punda aliyeacha kula kwa siku moja au mbili yuko hatarini kwa sababu nyingine kabisa: mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Huua punda ambao majeraha yao yalikuwa ya kupona.

Damu

Kandamiza. Chukua leso, fulana au kitambaa chochote safi, kikunje kiwe kinene, kiweke juu ya jeraha na ukandamize kwa kiganja kwa dakika 10 hadi 15 bila kuinua ili kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake. Ukitoa cha kwanza unang'oa damu iliyokuwa imeanza kuganda. Kwenye mguu unaweza kufunga bandeji au vipande vya shuka juu ya kitambaa, imara lakini si kwa kunyonga. Kamba ya kukaza juu ya jeraha iache, labda damu iwe inaruka kwa mapigo na mkono umeshindwa kabisa kuizuia. Hapo tumia kitambaa kipana, andika saa uliyofunga, umwambie daktari.

Punda wa kwetu, wa kilo 120 hadi 150, ana damu ya lita kumi hivi. Kikombe kimoja kilichosambaa juu ya lami huonekana kama machinjio, lakini hakimuui. Ndoo ni habari nyingine.

Kitu kilichochoma na kubaki ndani, iwe mti, chuma au kioo, usikichomoe. Kizungushie vitambaa kisitikisike na umwachie daktari. Jeraha la kifuani linalovuta hewa kwa sauti lifunikwe kwa mfuko safi wa plastiki na kushikiliwa kwa kiganja. Utumbo ukitoka tumboni usiusukume ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi na uushikilie usiburuzike.

Tundu dogo karibu na goti au kifundo lisikudanganye. Likitoa ute wa manjano unaonata kama wa yai, kiungo kimefunguka. Jeraha hilo la ukubwa wa kidole linaweza kumlemaza punda kuliko mpasuko mrefu wa paja, na linahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Vitu visivyowekwa kwenye kidonda

Oili chafu, maji ya betri, majivu, samadi, petroli, tumbaku, sabuni ya unga, jiki. Nimeviona vyote vikipendekezwa na watu wazima wenye heshima zao, kila mmoja akiapa kwamba punda wa babu yake alipona. Huunguza nyama iliyobaki hai, na samadi na udongo huingiza vijidudu vya pepopunda, ugonjwa ambao punda na farasi hushambuliwa nao kuliko wanyama wengine wa nyumbani. Spiriti nayo ni ya ngozi nzima, haifai kwenye nyama iliyo wazi.

Kinachofaa ni maji safi kwa wingi. Bora zaidi, chemsha lita moja ya maji, tia vijiko vidogo viwili vya chumvi vilivyosawazishwa, subiri yapoe, kisha mimina kwa mtiririko hadi uchafu utoke. Duka la dawa likiwa karibu, nunua iodini ya kuoshea vidonda na uizimue hadi iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Jeraha linalovuja damu nyingi lisioshwe; damu kwanza. Na lile linaloonekana litashonwa lisipakwe kitu, si mafuta, si unga, si ile dawa ya zambarau. Daktari hushona vizuri zaidi ndani ya saa sita hadi nane za kwanza, na kila kilichopakwa ataanza kwa kukikwangua.

Mguu, na swali la kusimama

Umati hupenda kumwona punda amesimama. Akisimama watu hupiga makofi, na shughuli huisha hapo. Lakini usimsimamishe kabla ya kuiangalia miguu yote minne kwa macho na kwa mkono.

Mguu unaoning'inia, uliopinda mahali pasipo na kiungo, au wenye mfupa unaoonekana, umevunjika, aendelee kulala. Bila dalili hizo, mwache ajaribu mwenyewe. Mgeuze kwanza alale kifudifudi, miguu imekunjwa, aegemezwe kwa marobota ya nyasi au magunia ya mchanga. Akiwa tayari ataweka miguu ya mbele na kujiinua. Unaweza kumsaidia kwa kushika hatamu na kwa mtu mwingine kuweka mikono chini ya makalio. Mkia usivutwe, unaweza kutenganishwa pingili zake. Sikio pia liache. Fimbo haina kazi yoyote hapa.

Kama mfupa umevunjika chini ya goti na daktari yuko njiani, mguu unaweza kufungwa usitikisike. Zungushia pamba, mablanketi au taulo tabaka nyingi hadi uwe mnene sawasawa, kisha weka mbao mbili au mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa, moja nyuma na moja upande wa nje, na ufunge kwa nguvu kuanzia kwato hadi juu ya kiungo kilicho juu ya mvunjiko. Kifungo kinachoishia mahali pa mvunjiko ni kibaya kuliko kutofunga kabisa, maana kinauongezea uzito ncha ya mfupa. Ukiona huwezi, acha, mzuie tu asiinuke.

Punda anayekataa kabisa kukanyaga mguu mmoja si lazima awe amevunjika. Usaha ndani ya kwato au msumari uliochoma huleta maumivu makali vile vile, na hutibika kwa kisu cha kwato na uoshaji. Kwa hiyo asiwepo mtu pale wa kutamka "huyu amekwisha" kabla mjuzi hajashika mguu.

Simu

Kenya, anza na afisa wa mifugo wa wadi au ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo. Tanzania, afisa mifugo wa kata. Namba zao hazibandikwi ukutani, lakini mwenye duka la dawa za mifugo huwa nazo, na hata mwenye bucha, kwa sababu nyama hukaguliwa. Mzee wa mtaa au mwenyekiti wa kijiji pia. Lamu ni bahati ya pekee: mjini ipo hospitali ya punda iliyoanzishwa 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, na karibu mtoto yeyote atakuonyesha. Nairobi na viunga vyake kuna KSPCA, chama cha ulinzi wa wanyama chenye makao Karen. Maeneo mengi ya Kenya yenye punda wengi yamefikiwa na miradi ya Brooke East Africa, shirika la ustawi wa punda na farasi wa kazi, na humo utakuta vikundi vya wenye punda vyenye mwenyekiti anayejua daktari gani huja kweli na yupi huahidi tu.

Ukimpata daktari, mpe habari kwa mpangilio:

"Daktari, habari za mchana. Niko Kutus, karibu na soko. Punda dume wa mkokoteni amegongwa na matatu kama dakika ishirini zilizopita. Amelala, hatujamsimamisha. Mguu wa nyuma wa kulia unaning'inia chini ya goti, damu tumeizuia kwa kitambaa. Ufizi umepauka, mapigo ni 70. Mwenye punda yuko hapa, nikupe uongee naye?"

Maneno hayo yanamwambia abebe nini na aharakishe kiasi gani. Kama ni jike, uliza kama ana mimba na useme. Akiuliza uzito, pitisha kamba kuzunguka kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, ikate pale inapokutana na uihifadhi. Atakapofika ataipima na kukadiria dozi.

Atakapochelewa, atajitokeza kijana mwenye bomba la sindano mfukoni. Muulize jina na namba ya usajili. Wataalamu wa kweli, wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya au Baraza la Veterinari Tanzania, hawakasiriki kuulizwa. Punda asichomwe dawa ya ng'ombe kwa kukisia, wala asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu. Mwili wake huvunja dawa tofauti na ng'ombe, tofauti hata na farasi. Asinyweshwe kitu kwa chupa akiwa amelala, maana huishia mapafuni. Akiweza kuinua kichwa mwenyewe, mwekee maji kwenye beseni chini ya mdomo na achague. Kivuli nacho ni tiba: shikeni turubai juu yake jua likiwa kali, na kama ameanguka kwa joto na kazi, mmwagieni maji mwili mzima tena na tena.

Gari likiwa limehusika, polisi waitwe kwa 999 au 112 Kenya, 112 Tanzania. Mwenye punda aandikishe ajali na aondoke na namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, yaani OB, au RB kwa Tanzania. Bila hiyo hana njia ya kudai fidia kwa mwenye gari.

Mwenye punda, na fedha

Mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini hivi, na punda huenda si wake. Amemkodi kwa siku, jioni anatakiwa kupeleka hesabu. Anachokiona pale chini ni kodi ya nyumba. Ukianza na "wewe ni mkatili", atafanya jambo la busara kwa upande wake: atamsimamisha punda kwa fimbo na kutokomea naye. Nyuma ya ua hakuna atakayemwona tena.

Anza na pole. "Pole sana, kaka. Punda anaitwa nani? Amekula leo? Tunamtafutia daktari, usiondoke, hatukudai kitu." Kama wewe ni mkubwa kwake, "kijana wangu" hufaa. Kama ni mzee, mwamkie kwanza, hata katikati ya vurugu. Mpe kazi ya kushika kichwa, kwa kuwa sauti anayoijua punda ni yake. Ukiona makovu ya zamani ya fimbo, au vidonda vya matandiko vilivyoiva, viweke akilini. Vina wakati wake. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na zote zinamgusa anayempiga mnyama bila huruma au kumtumikisha akiwa mgonjwa. Napendelea zitajwe baada ya mnyama kutibiwa. Isipokuwa pale mtu anapoendelea kumpiga punda aliyeanguka mbele yenu: hapo fimbo ichukuliwe na polisi waitwe bila kusubiri.

Uokoaji mwingi hufia kwenye fedha. Daktari amepatikana, ila nauli ya pikipiki na dawa nani atalipa? Fanyeni mchango pale pale kabla umati haujapoa, na uende moja kwa moja kwenye simu ya daktari au ya duka la dawa, huku mtu mmoja akisoma kwa sauti jina linalotokea. Usipitie kwenye simu yako, hata kama wewe ni mwaminifu kiasi gani. Maneno yatakuja tu. Daktari atajiwe mapema kiasi kilichopo, naye aseme kitatosha nini.

Kisha angalia kama kuna mtu pembeni anayenong'ona na mwenye punda. Huyo huenda ni mnunuzi. Ngozi ya punda hutafutwa kwa ajili ya ejiao, dawa ya Kichina inayotengenezwa kwa kuichemsha, na biashara hiyo ilishika Kenya tangu machinjio ya punda yaliporuhusiwa katika muongo uliopita. Sensa ya 2009 ilikuta punda wapatao milioni 1.8 nchini, ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote, lakini machinjio ya vichakani hayasomi maazimio. Punda mwenye mguu uliovunjika ni bei ya kutupwa, na atasafirishwa akiwa hai katika hali hiyo hiyo. Mwambie mwenye punda wazi kwamba asubiri neno la daktari kwanza, na mchango ndio utakaompa sababu ya kusubiri.

Kumsafirisha

Kama hawezi kutembea, turubai zito au mlango wa mbao ndio machela yake. Ukiwa upande wa mgongo, mviringishe kidogo, ingiza turubai lililokunjwa chini yake, mrudishe, livutie upande wa pili. Watu wanane wakishika kingo wanaweza kumwinua hadi kwenye pikapu iliyotandikwa nyasi au mchanga. Jeraha liwe upande wa juu. Asifungwe miguu yote pamoja wala asiburuzwe kwa kamba ya shingo. Mwenzake apande naye ikiwezekana, na mtu akae kichwani safari nzima. Anayetembea kwa miguu mitatu anaweza kujikokota hadi kivulini, si kilomita tano hadi nyumbani.

Ikibidi auawe

Mfupa wa paja au wa juu wa bega uliovunjika kwa punda aliyekomaa, uti wa mgongo uliovunjika, utumbo uliopasuka: haya hayana tiba mahali pengi tulipo, na daktari atashauri kumwondolea mateso. Msiwaachie watu wa panga. Daktari huchoma dawa inayomlaza kama usingizi, moyo ukasimama, au huomba polisi apige bunduki kwa maelekezo yake. Mwenye punda aombwe ridhaa na aelezwe kwa nini. Umati ugeuke uende.

Mzoga uliochomwa dawa hiyo ni sumu. Mbwa, fisi na tai wakiula hufa, na nyama yake haiwezi kuuzwa wala kuliwa na mtu yeyote. Uzikwe siku hiyo, kina cha mita mbili, mbali na kisima na mto. Kabla ya kufukia, mwachie punda mwenzake muda wa kuukaribia, kuunusa na kuondoka mwenyewe. Punda aliyenyang'anywa mwenzake ghafla huweza kulia na kumtafuta kwa siku nyingi, na kuacha kula.

Akipona: wiki zinazofuata

Hakikisha daktari amempa kinga ya pepopunda, na wewe uliyejikwaruza uulize yako zahanati. Ugonjwa huo hujitokeza zaidi kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Mwenye punda ajue dalili: hatua ngumu kama za mti, mkia umeinuka, masikio yamekakamaa, ngozi nyeupe inayofunika kona ya jicho, taya lisilofunguka. Akiziona apige simu usiku huo huo.

Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi mara moja kwa siku, nzi wazuiliwe pembeni mwake kwa dawa ya kufukuza nzi kutoka dukani, na funza wakionekana daktari arudi. Chakula kikavu na maji viwe karibu, na mwenye punda ahesabu kama anakula, kwani kuacha kula ndiyo ishara ya kwanza. Pita umwone. Simu moja siku ya tatu na nyingine wiki ya pili zinasaidia kuliko maneno yote uliyosema barabarani.

Kazi isianze kabla ngozi haijafunga kabisa na daktari hajasema. Mwenye punda atahitaji kula katika kipindi hicho. Kikundi chake kikiweza kumkodisha punda mwingine kwa bei nafuu, muombeeni. Siku ya kwanza mkokoteni uwe mtupu na safari fupi, wiki inayofuata nusu mzigo. Kamba ya kifua iliyomkata ibadilishwe kwa mkanda mpana wa turubai uliojazwa kitambaa, usiogusa koromeo. Mkokoteni uwekewe kamba ya nyuma ya mapaja, inayozuia mzigo usimsukume punda kwenye mteremko, na nyuma yake vibandikwe vibati vinavyometa vya kutosha gari kuuona usiku.